Wanangu wamenifichia tanga

Bi Mshauri, asalaam aleikum.

Mimi ni mzee wa miaka 69, naishi Entebbe. Nimezaliwa Lamu, na kazi ya kuunda vyombo nilijifunza kwa babu mzaa mama. Nilikuja Uganda nikiwa kijana, nikafanya ufundi wa boti kwenye mialo ya wavuvi, Kasenyi na Kigungu, nikaoa huku, nikazaa huku. Wajukuu wangu leo Kiganda kinawatoka kwa wepesi kuliko Kiswahili. Kitu kimoja cha kwetu sikukiacha, nacho ni tanga. Jirani zangu wavuvi wanakwenda kwa kasia na injini. Mimi nilijiundia chombo cha futi 18, nikakitilia mlingoti na foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, kama vya nyumbani, na kila nilipopata nafasi baada ya sala ya adhuhuri nilitweka nikatoka. Tangu niache kazi, hicho ndicho kinachonipa hamu ya kuamka.

Sasa mwili unaanza kudai. Goti la kulia limechakaa. Asubuhi vidole havikunjiki mpaka nivisugue kwa maji ya moto. Nina presha na nameza vidonge viwili kila siku, kimoja kinanipeleka chooni mara kwa mara.

Miezi michache iliyopita nilikuwa nabisha kutoka ghubani, yaani nakwenda dhidi ya upepo, na upepo wa ziwa umeshika. Nilipopindua tanga kulipeleka upande wa pili, foromali ikakwama katikati, goti likakataa kunibeba, tanga likajibana kwenye mlingoti na chombo kikalala ubavu kikachota maji. Sikuanguka. Nilikata henza, kamba ya kupandishia tanga, tanga likashuka, nikaanza kufua maji. Vijana wavuvi wa mukene, dagaa wa huku, wakanivuta mpaka mwaloni. Habari ikafika nyumbani kabla yangu.

Kesho yake mwanangu wa kwanza alikuja na gari kutoka Kampala, akachukua tanga na kamba zote, akazifungia kwake. Binti yangu ni muuguzi, naye amemuunga mkono kaka yake. Mdogo wao anasema niuze kabisa, hata mnunuzi amekwisha kumpata. Mke wangu hakusema mengi. Alisema tu kwamba hataki kukaa eda kwa ajili ya kipande cha kitambaa cha merikani.

Sitaki kugombana na damu yangu. Lakini sitaki pia kukaa barazani nikihesabu ndege zinazotua. Wananiambia nikitamani maji nipande boti la abiria. Mimi sijui kukaa ndani ya chombo bila kushika kitu.

Niambie kweli. Wakati wangu umepita? Nikiuze? Kama si kuuza, niwaambie nini wanangu? Na kisiwa cha Bugala, safari niliyokuwa nikiifanya kwa tanga kila mwaka, nitaifanya tena au ndiyo basi?

Mzee wa Tanga, Entebbe

*

Mzee wangu, shikamoo.

Jibu langu naliweka mbele ili usisome huku moyo unakudunda. Chombo usikiuze. Foromali ndiyo iondoke.

Najua nimegusa pabaya. Mtu wa Lamu kuambiwa atoe foromali ni jambo zito, na wewe umeikata na kuisawazisha kwa mikono yako. Lakini rudi kwenye maelezo yako mwenyewe. Hukuniambia kwamba ulishindwa kuusoma upepo. Hukuniambia kwamba ulipotea njia, au kwamba mkono wako kwenye usukani umepoteza hisia. Umeniambia kwamba wakati wa kupindua, mti mrefu uliobeba tanga lote ulitakiwa kuvushwa upande wa pili wa mlingoti, na goti lako halikukubali. Na kichwa kilifanya kazi yake palepale: ulikata henza, ukashusha tanga, ukafua maji. Vijana wengi wangeng'ang'ania kuinyanyua ile foromali hadi chombo kipinduke.

Tanga la foromali liliundwa kwa ajili ya vyombo vyenye mabaharia. Kwenye jahazi, kupindua ni kazi ya watu kadhaa wenye migongo imara, nao hukimbilia omo, mbele ya chombo, huku wakiitikiana. Nahodha hayumo kati yao. Yeye yuko tezini, nyuma ya chombo, ameshika shikio la usukani, anatazama tanga na maji, anatoa amri. Tangu zamani huko kwenu mtu akizeeka baharini haambiwi ashuke. Anaanza kijana omo kwenye kamba, kisha miaka inamrudisha nyuma hatua kwa hatua hadi tezini. Wewe kwa sababu ulikuwa peke yako kwenye ziwa la wageni, umekuwa baharia na nahodha kwa wakati mmoja mpaka miaka 69. Ubaharia sasa ukabidhi. Unahodha ubaki nao.

Nianze na chombo chenyewe, maana wewe ni fundi na hapa tutaelewana haraka.

Futi 18 ni ukubwa mzuri sana kwako. Badala ya foromali, weka tanga jembamba la pembe tatu linalopanda na mlingoti wenyewe. Chombo kikigeuka, tanga linavuka lenyewe na wewe unainamisha kichwa tu. Tanga la namna hiyo linataka mlingoti mrefu zaidi ya ulio nao. Iangalie foromali yako vizuri: kama mti wake bado mzima, huenda ikafaa kuwa mlingoti, na mti uliouchonga ukaendelea na kazi. Ningependa pia tanga lako lisiwe na ule mti wa chini ambao vyombo vya klabu vinao. Upepo ukilivusha ghafla, ule mti hupita kwa kasi penye vichwa, na kwa mtu wa umri wako pigo la kichwa si jambo la kusugulia mafuta. Kama katika vidonge vyako kuna cha kuzuia damu kuganda, pigo la kichwa ni la kwenda hospitali siku ileile hata kama unajiona mzima.

Halafu lipunguze. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake juu ya tanga inaongezeka mara nne. Wenye mashindano wanalijua hili. Chombo kidogo cha Laser, ambacho huendeshwa na mtu mmoja duniani kote, kina matanga ya ukubwa tofauti kwa bodi lile lile: kubwa la mita za mraba 7.06, la kati la 5.76, na dogo la 4.7. Anayechukua dogo haitwi mwoga. Katika mashindano yao ya watu wazima wamegawanya makundi kwa umri, na kundi la mwisho ni la waliotimiza 75 na kuendelea. Kwa hiyo tanga lako jipya likatwe dogo kuliko la zamani, na lishonewe safu mbili za vifundo vya kulipunguzia zaidi. Vitumie kabla hujatoka mwaloni, ukiwa umekaa, upepo haujaanza kukushurutisha. Ukiona hautoshi, kufungua safu moja ni rahisi kuliko kuifunga katikati ya mawimbi.

Demani, ile kamba ya kukazia na kulegezea tanga, ipitishe kwenye makapi. Kamba ikizunguka mara nne, mvuto wa kilo 40 unakuwa kama wa kilo 10 na ziada kidogo ya msuguano. Utavuta kamba ndefu zaidi, lakini muda unao, vidole ndivyo vichache. Tumia kamba nene kuliko mzigo unavyohitaji, kwa sababu kiganja chenye baridi yabisi hushika kitu kinene vizuri na huumia kwenye chembamba. Tengeneza kikalio tezini cha kukaa ukitazama mbele, na penye mahali pa kukanyagia mguu, usilazimike kuchuchumaa. Goti la kulia likinyooka wakati wote, nusu ya malalamiko yake yatakwisha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukulitaja, na ambalo naamini ndilo linalomkosesha mkeo usingizi.

Siku ile hukuanguka, alhamdulillahi. Lakini ungeanguka, ungepandaje tena? Sikuulizi kama unajua kuogelea. Mtu aliyezaliwa Lamu sitamuuliza hilo. Nakuuliza kama mikono hiyo na goti hilo vinaweza kuunyanyua mwili uliolowa, kanzu au shati zito limenata, kuupitisha juu ya ubao wa chombo kinachoyumba. Watu hufa wakiwa wameshika ubavu wa chombo chao wenyewe. Maji ya ziwa letu yana joto la nyuzi kama 24 hadi 27, unaweza kudhani hayana neno, lakini saa chache ndani yake na upepo juu ya kichwa huondoa nguvu mikononi, hasa za mzee.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo, wala si miaka iliyoandikwa kwenye kitambulisho. Mtu wa miaka 80 anayeweza kurudi chomboni kwake ana haki ya kutoka. Mtu wa 50 asiyeweza hana. Na kipimo kinafanywa, hakidhaniwi. Chagua mchana mtulivu, sehemu ya maji marefu yaliyo wazi, mbali na matete ambako konokono wa kichocho wanakaa. Mwite mwanao mkubwa, na binti yako muuguzi awepo, na vijana wawili wa mwaloni. Vaa jaketi la kuokolea, ruka majini, kisha panda bila kusaidiwa. Kwanza jaribu ulivyozoea. Halafu jaribu kwa ngazi.

Ngazi iwe ya mbao, imefungwa imara tezini upande mmoja wa usukani, na iwe na kamba fupi unayoweza kuivuta ukiwa majini ili ishuke. Kidato cha chini kizame kina cha kutosha mguu ukifikie bila goti kukunjwa sana. Ngazi ya kamba tupu inafaa kidogo, kwa sababu ukiikanyaga inakimbilia chini ya chombo na wewe unabaki unaning'inia kwa mikono. Ukiweza kupanda mara mbili mfululizo, wanao watakuwa wameona kwa macho yao. Ukishindwa, nawe utakuwa umeona, na hapo tutajua kwamba hutoki kamwe bila mtu mwenye nguvu za kukuvuta.

Jaketi livaliwe kuanzia mwaloni mpaka mwaloni. Wazee wengi hulifanya la kukalia. Mwezi Novemba 2018 boti la starehe lilipozama karibu na Mutima, wilaya ya Mukono, watu wasiopungua 30 walikufa, na nchi kavu haikuwa mbali. Wengi hawakuwa na majaketi mwilini. Watoto wako walikuwa hapa Uganda mwaka huo, picha zile waliziona. Wanapokufungia tanga, hizo ndizo zinazowajia.

Kile kidonge kinachokupeleka chooni nacho kina nafasi yake katika mambo haya, na nitasema wazi kwa heshima zote. Mwanamume kusimama ukingoni mwa chombo ili ajisaidie ni moja ya njia za kawaida kabisa za kuanguka majini, na dawa za presha huweza kuleta kizunguzungu mtu anaposimama ghafla. Weka kopo lenye mdomo mpana, ujisaidie umekaa. Dawa usiache hata siku moja kwa ajili ya safari. Mwulize daktari wako maswali mawili tu: je, dawa hizi zinaweza kunitia kizunguzungu nikiinuka, na je, kile cha mkojo kinaweza kumezwa saa nyingine siku ninazotoka? Usikibadilishe saa kwa uamuzi wako mwenyewe. Na usijinyime maji ya kunywa ili kupunguza mkojo. Mzee kiu humjia kwa kuchelewa, wakati mwili umekwisha kukauka, na sisi hapa tuko karibu na mstari wa ikweta, kwenye ziwa lililo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jua lake ni kali hata penye ubaridi wa upepo. Kofia yenye kamba, mikono mirefu, na chupa ya maji ya karibu lita moja na nusu iwe karibu na mkono.

Kuhusu saa za kutoka, umeishi hapa muda mrefu na najua unaujua upepo wa hapa. Lakini niruhusu nieleze kwa ajili ya wanao, ambao nakushauri uwasomee sehemu hii. Pwani ya Lamu ina kusi na kaskazi, pepo za miezi. Ziwa letu hili la Viktoria lina pepo za mchana na usiku. Jua likipasha nchi kavu joto, upepo unavutwa kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na kwetu huku pwani ya kaskazini unavuma mchana kutoka upande wa kusini. Usiku nchi inapoa, maji yanabaki na joto lake, pepo za pwani zote zinakwenda kukutana juu ya ziwa, na hapo ndipo mawingu ya radi yanapojengwa. Ndiyo sababu tufani nyingi mbaya za ziwa hili huwakuta wavuvi usiku na alfajiri, na nyingine huendelea asubuhi.

Kwa hiyo wewe saa zako ni kuanzia saa tano, mawingu ya asubuhi yakishatawanyika, hadi saa kumi alasiri. Utatoka kwa kubisha mwili ukiwa na nguvu, utarudi upepo ukiwa nyuma yako, mwili umechoka. Sala ya adhuhuri iswali kwa wakati wake; ukitaka kuisali mwaloni, toka baada yake kama ulivyozoea. Jua likianza kulala uwe umefika, kwa sababu huku giza halibishi hodi. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, ukiona wingu jeusi limejikusanya upande wowote hata kama liko mbali, usitoke. Kijana anaweza kukimbizana na tufani na akashinda. Wewe acha kabisa mchezo huo.

Wapo wanaokwenda mbali sana na umri mkubwa, na nitakutajia watatu, kwa sharti kwamba usiwapige nao wanao. Francis Chichester wa Uingereza aliizunguka dunia peke yake kwa tanga, akasimama Sydney tu njiani, akarudi 1967 akiwa na miaka 65. Jeanne Socrates, mwanamke, aliizunguka peke yake bila kutia nanga popote, akamaliza 2019 akiwa na miaka 77. Kenichi Horie wa Japani, mwaka 2022, akiwa na miaka 83, alivuka bahari ya Pasifiki kutoka San Francisco katika chombo cha futi 19, urefu unaokaribia wa chako. Hao wameniondolea mimi shaka kwamba miaka peke yake inaweza kumfunga mtu. Lakini walikuwa na vifaa na maandalizi ambayo mimi na wewe hatuna, na mke wako akisikia habari za Pasifiki hatatulia.

Aliye karibu nasi zaidi ni wa nne. Paul Elvstrøm wa Denmark alishinda dhahabu ya Olimpiki mara nne kati ya 1948 na 1960, zote akiendesha peke yake. Alirudi Olimpiki tena 1984, na tena 1988 akiwa na miaka 60, safari hizo katika chombo cha watu wawili. Mwenzake ndani ya chombo alikuwa Trine, binti yake. Bingwa yule alitafuta miguu na mikono yenye nguvu ndani ya nyumba yake, akabaki na usukani.

Hapa ndipo nataka tuongee habari ya familia. Mzee wangu, nyumba yako imepata wakuu wengi. Mmoja amefungia tanga, mwingine ameshika dawa, wa tatu ametafuta mnunuzi. Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na hapa chombo ni wewe. Lakini usiwakasirikie. Wamesikia habari yako kutoka kwa watu wa mwaloni kabla ya kuusikia mdomo wako, na mtoto akisikia habari ya babake kwa njia hiyo hutenda kwanza, hufikiri baadaye. Mdogo naye, kabla ya yote, mwambie amjulishe mnunuzi kwamba chombo hakiuzwi.

Usimdai mkubwa tanga. Umwombe alilete, siyo nyumbani kwako, alilete moja kwa moja kwa fundi wa kushona, na awepo mwenyewe linapokatwa kuwa dogo. Mweleze kwa nini. Nina hakika hajui kupindua foromali ni kazi gani, maana ulipokuwa na nguvu ulikuwa unaifanya peke yako, akaona ni jambo rahisi. Akiliona lile tanga kubwa linapunguzwa kwa amri yako, ataelewa kwamba babake ameyafikiria mambo haya, jambo ambalo maneno elfu hayatamwonyesha. Binti yako mpe kazi ya daktari na ya siku ya kipimo. Ni muuguzi, na muuguzi anapoachwa nje ya jambo la afya ya babake hana njia nyingine ila kukataza.

Mkeo usimpelekee hoja. Mwulize anataka kujua nini kila unapotoka, na chochote atakachosema kiwe sheria. Nadhani atataka saa ya kurudi. Basi mpe saa, na uiheshimu kama unavyoiheshimu saa ya sala. Simu iwe kwenye mfuko usiopitisha maji, imefungwa mwilini, siyo kwenye boksi la tezini ambako haitakufaa ukiwa majini. Kijana mmoja wa mwaloni mwenye injini ajue siku zako za kutoka, na mlipane vizuri. Umesema wale wa mukene walikuvuta mpaka mwaloni. Kama bado hujawapelekea shukrani, wapelekee, tena mbele ya wanao.

Uliniomba nikuambie kweli, na kweli ni hii: peke yako hutatoka tena. Hili sitalizungusha. Ngazi, makapi na tanga dogo vyote ni kwa ajili ya mtu aliye na mwenzake, na siku utakayofaulu kipimo bado utahitaji mwenzako. Wewe umeniandikia kwamba hujui kukaa chomboni bila kushika kitu, nami sikuambii uachie. Utashika shikio. Demani na henza atashika mwingine, na huyo mwingine mtafute kati ya wajukuu. Umesema Kiganda kinawatoka kwa wepesi kuliko Kiswahili. Basi chukua wenye umri wa miaka 12 na kuendelea, wanaojua kuogelea, kila mmoja na jaketi lake, uwatolee amri kwa lugha yako. Mtoto akishaambiwa mara kadhaa alegeze demani na akaona chombo kinavyoinuka, neno hilo halitamtoka. Katika nyumba yako hakuna mwingine atakayemfundisha hayo.

Siku ambazo wajukuu wako shule na hamu imekushika, nenda kwenye klabu za matanga. Ipo Victoria Nyanza Sailing Club kule Kaazi, siyo mbali nawe. Sijui utawakuta na chombo gani siku hiyo, lakini penye watu wa tanga hapakosekani anayehitaji mtu wa kumsomea upepo, na mzee aliyeunda chombo kwa shoka na randa atakaribishwa. Nyumbani nako fanya mazoezi mawili tu kila siku: kuinuka kwenye kiti bila kushika kwa mikono, mara kumi, na kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Misuli hupungua kwa kasi baada ya miaka 60, lakini hurudi kiasi inapotumiwa, hata kwa wazee sana. Kama goti linauma kwa kuinuka, binti yako atakuelekeza kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Nimalizie na Bugala, kwa sababu naona ndiyo uliyoiuliza kwa uchungu zaidi. Meli ya MV Kalangala ikitoka Nakiwogo hapo Entebbe inatumia zaidi ya saa tatu kwa injini kufika Lutoboka, kule Bugala. Kwa tanga dogo ni siku nzima, na upepo wa mchana utakuwa usoni. Mwaka huu usiende. Mwaka huu ni wa kuzoea tanga jipya, kupima ngazi, na kumfundisha mjukuu ndani ya ghuba ambako unauona mwalo wakati wote. Mwakani, kati ya Desemba na Februari, kama kipimo cha kupanda umekirudia na umefaulu, kama daktari hana neno, nenda. Mwanao mkubwa awe pamoja nawe chomboni, na boti la injini la vijana wa mwaloni liwe nyuma yenu safari nzima. Upepo ukigoma wakuvuteni, hakuna aibu. Mlale Bugala usiku mmoja au miwili mpaka asubuhi iwe safi, ndipo mrudi na upepo wa mgongoni. Gharama ya petroli ya boti la pili si ndogo, anza kuiweka kando sasa, na mwanao mdogo aliyetafuta mnunuzi mwambie achangie.